Frankfurt Mpya, Ernst May na nyumba za watu wa kawaida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapotaja kwamba Ernst May, mtu aliyejenga mitaa mashuhuri ya wafanyakazi Ujerumani katika miaka ya 1920 alikuja baadaye kulima kahawa Arusha, maswali huwa hayaishi. Nimeyakusanya hapa, pamoja na yale ya wanafunzi wa usanifu majengo na ya ndugu zetu walioko Ujerumani ambao wanapita kwenye mitaa hii kila siku wakienda kazini. Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni marefu.

Frankfurt Mpya ni nini?

Ni mpango wa ujenzi ulioendeshwa na jiji la Frankfurt kuanzia 1925 hadi 1930. Ndani ya miaka hiyo mitano zilijengwa nyumba zipatazo 12,000 katika mitaa mipya pembezoni mwa mji. Lilikuwa pia jina la jarida la waliohusika na mpango huo, Das Neue Frankfurt, lililoanza kutoka 1926.

Mitaa inayotajwa zaidi iko kaskazini-magharibi, kando ya bonde la mto Nidda: Praunheim, Römerstadt na Westhausen. Upande wa pili wa jiji kuna mtaa wa Bruchfeldstraße, ambao wenyeji waliubatiza Zickzackhausen, kwa kuwa nyumba zake zimepangwa kwa kuchongoka na kurudi ndani kama meno ya msumeno. Hazikupangwa hivyo kwa madoido. Kila nyumba iligeuzwa kidogo ili ipate sehemu yake ya jua.

Kulikuwa na shida gani mpaka serikali za miji zikaingilia?

Tuanzie Berlin ya karne ya 19, maana huko ndiko shida ilikokuwa kubwa kuliko kote. Viwanda vilivuta watu kutoka mashambani, na wenye viwanja wakajenga majengo ya kupangisha ya ghorofa tano, moja nyuma ya jingine, yakitenganishwa na viuani vidogo. Sheria ya ujenzi ya 1853 ilidai uani uwe na mita 5.34 kwa 5.34 tu. Unajua kipimo hicho kilitoka wapi? Ni nafasi ambayo gari la zimamoto la wakati huo lilihitaji ili ligeuke. Waliotunga sheria waliwaza moto. Jua, hewa na mtoto anayetaka kucheza havikuwamo.

Jengo lililojulikana sana, Meyers Hof katika eneo la Wedding, lilikuwa na viuani sita vilivyofuatana kama vyumba vya treni. Aliyepanga chumba cha chini huko nyuma aliishi gizani mchana kweupe. Choo kilikuwa cha kuchangia, familia nzima ililala chumba kimoja, wengine walipangisha hata kitanda kwa zamu, na kifua kikuu kiliwamaliza watu. Wajerumani waliyaita majengo hayo Mietskaserne, yaani kambi za askari zinazotozwa kodi ya pango.

Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918, na ujenzi ukasimama kabisa. Vita vilipokwisha, askari walirudi, vijana wakaoa, na nyumba hazikuwapo. Katiba ya jamhuri mpya, ya mwaka 1919, iliweka katika ibara ya 155 lengo kwamba kila Mjerumani apate makazi yenye afya. Maneno hayo yaliandikwa wakati hazina ni tupu, na ilichukua miaka kadhaa kabla hayajawa matofali.

Wazo la mitaa yenye bustani lilianzia wapi?

Uingereza. Mwaka 1898 Ebenezer Howard, ambaye hakuwa msanifu majengo bali karani wa kunakili hotuba, alitoa kitabu kilichopendekeza miji midogo iliyozungukwa na mashamba, ambako ardhi ingemilikiwa kwa pamoja. Mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ulianza 1903, na ramani yake ilichorwa na Raymond Unwin na Barry Parker. Wajerumani walilidaka wazo hilo upesi. Mtaa wa Hellerau, jirani na Dresden, ulianza 1909, na mwaka 1913 msanifu Bruno Taut alianza mtaa wa Falkenberg karibu na Berlin.

Wakati huohuo kulikuwa na chama cha Deutscher Werkbund, kilichoundwa Munich mwaka 1907, kikiwaunganisha wasanii, mafundi na wenye viwanda. Hoja yao ilikuwa kwamba kitasa cha mlango, sufuria na kiti cha mtu wa kawaida vinastahili kubuniwa vizuri sawa na kasri la tajiri. Mambo hayo mawili, bustani ya Waingereza na ubunifu wa vitu vya kila siku wa Wajerumani, yalikutana Frankfurt.

Ernst May alikuwa nani?

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Akiwa kijana alisoma kwa muda London, na baadaye, karibu na 1910, alifanya kazi katika ofisi ya Unwin wakati mtaa wa Hampstead Garden Suburb ukijengwa. Baada ya vita aliongoza shirika la nyumba za vijijini huko Breslau, ambao leo ni mji wa Wrocław, Poland. Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita nyumbani na kumkabidhi idara yote ya ujenzi ya jiji.

Hilo neno “yote” ndilo la kushika. Mipango miji, utoaji wa vibali, ujenzi wa nyumba, bustani, hata mabango ya barabarani: kila kitu kilipita mikononi mwa ofisi moja. Katika miji mingi, wa ardhi hamjui wa maji, na wa maji hamjui wa barabara. May hakuwa na kisingizio hicho.

Fedha zilitoka wapi?

Watu huniuliza kuhusu paa na madirisha, mimi ningependa waulize hili kwanza.

Mwaka 1923 sarafu ya Ujerumani iliporomoka mpaka mkate ukanunuliwa kwa mabilioni. Mshahara uliyeyuka na akiba ya benki ikawa karatasi. Lakini kuna waliopona, na wengine wakatoka na faida: wenye nyumba waliokuwa na mikopo ya benki. Deni lao lilihesabiwa kwa sarafu iliyokufa, kwa hiyo likakaribia kufutika. Nyumba ikabaki imesimama, deni limebaki kidogo tu.

Serikali ikasema: faida hiyo hamkuitolea jasho, basi mtachangia. Mwaka 1924 ikaanzishwa kodi iitwayo Hauszinssteuer, iliyotozwa kwenye majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya vita kwisha. Sehemu ya mapato ilirudi kama mikopo ya riba ndogo sana kwa mashirika ya nyumba yasiyofanya biashara ya faida: kampuni za jiji, vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi. Nyumba nyingi zilizojengwa kwa msaada wa umma Ujerumani katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 zilipitia mlango huo.

Vienna walifanya yao kwa njia nyingine. Mwaka 1923 Hugo Breitner, aliyesimamia fedha za jiji, alianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba iliyopanda kulingana na ukubwa wa makazi: mwenye chumba kimoja alilipa kidogo sana, mwenye jumba alilipa mno. Kufikia 1934 jiji lilikuwa limejenga nyumba zaidi ya 60,000. Karl-Marx-Hof peke yake, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, lilikuwa na nyumba 1,382.

Tena kuna ardhi. Frankfurt ilikuwa imejiandaa mapema. Meya wa zamani, Franz Adickes, alipigania sheria ya mwaka 1902 iliyowezesha jiji kukusanya viwanja vilivyokatwakatwa, kuvipanga upya na kutenga nafasi za barabara na bustani. Jiji pia lilikuwa limenunua ardhi nyingi. May alipofika, hakulazimika kubembeleza madalali. Wanaotaka kuiga sura ya nyumba hizi bila kugusa kodi na ardhi watapata sura tu.

Nyumba zilijengwaje kwa haraka hivyo?

Kwa kuvipa vitu vipimo vya pamoja. Milango, madirisha, vitasa na majiko viliwekewa viwango, na bidhaa zilizopitishwa zilitangazwa katika jarida ili wananchi nao wajue cha kununua.

Praunheim walikwenda mbali zaidi: kuta zilitengenezwa kiwandani kama vibamba vya zege jepesi lililochanganywa na mawe ya volkeno. Kibamba kimoja kilikuwa na urefu wa mita 3, kimo cha mita 1.10 na unene wa sentimita 20. Winchi ilikinyanyua na kukipanga juu ya kingine, kama mtu anayejenga kwa matofali makubwa mno.

Jiko la Frankfurt lina nini cha ajabu?

Lilikuwa jiko la kwanza kubuniwa kama chombo kimoja kamili na kuwekwa katika maelfu ya nyumba: zipatazo 10,000. Mbunifu wake ni Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Vienna mwaka 1897, aliyeajiriwa na May mwaka 1926 akiwa hajafika hata miaka 30. Makabati yaliyofungwa ukutani, meza ya kazi inayoendelea mpaka kwenye sinki, kila kitu cha urefu mmoja, yote haya tunayoyaona leo kwenye nyumba za Dar es Salaam na Nairobi yana asili yake humo.

Nimesimama ndani ya lile lililohifadhiwa Römerstadt, na nitalieleza nilivyoliona. Ni chumba chembamba, upana wa mita 1.9 hivi na urefu wa mita 3.4. Ukisimama katikati na kunyosha mikono, unakaribia kugusa pande zote mbili. Mbele yako kuna dirisha, chini yake meza ya kukatia mboga, na mbele ya meza kistuli kinachozunguka, ili mtu amenye viazi akiwa ameketi. Ukingoni mwa meza kuna tundu. Maganda unayasukuma tu, yanaangukia kwenye droo unayoweza kuichomoa na kwenda kuimwaga. Taa ya dari inasogea kwenye reli, unaivuta iende unakofanyia kazi. Ubao wa kupigia pasi unashuka kutoka ukutani. Upande wa kulia kumepangwa vidroo vya alumini vyenye mkono wa kushikia na mdomo wa kumiminia, kila kimoja na jina lake: mchele, sukari, dengu. Unakichomoa na kumimina moja kwa moja sufuriani bila kijiko. Unga ulihifadhiwa kwenye droo ya mti wa mwaloni, kwa sababu mti huo huzuia wadudu. Makabati mengi yalipakwa rangi ya buluu iliyoelekea kijani, maana iliaminika kuwa nzi hawapendi kutua kwenye rangi hiyo.

Lihotzky alichunguza majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, ambako mpishi analisha watu wengi akiwa kwenye nafasi ya kabati. Akapima hatua. Kutoka jiko hadi meza ya kulia alitaka umbali usizidi mita 3, na mlango wa kusukuma ukibaki wazi mama aweze kumwona mtoto akicheza sebuleni. Nia yake ilikuwa mwanamke anayefanya kazi kiwandani au ofisini asimalizie nguvu zake zote jikoni. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba kabla ya hapo hakuwahi kuendesha nyumba wala kupika.

Mbona wengine walilikosoa jiko hilo?

Kwa haki. Familia za wafanyakazi zilizoea jiko la kukaa: humo watu walikula, watoto wakafanya kazi za shule, wageni wakapokelewa. Ghafla wakapewa jiko la mtu mmoja. Ukimwingiza wa pili mnagongana viwiko, kwa hiyo mume, binti na jirani wote wakabaki nje, na mama akabaki peke yake na hatua zake zilizopimwa. Nyumba nyingine watu walijaribu kuingiza meza ya chakula humo humo kwa nguvu.

Msomaji aliyekulia uani, ambako watatu wanachambua mchele na wa nne anakuna nazi huku hadithi zikiendelea, atalielewa hilo bila kuelezwa zaidi. Lakini ningeomba asiishie hapo. Jiko la awali lilikuwa la moshi na giza, maji yakibebwa kutoka uani. Römerstadt, iliyomalizika mwishoni mwa miaka ya 1920, huhesabiwa kuwa mtaa wa kwanza Ujerumani ambao shughuli zote za nyumbani zilitumia umeme. Kwa mama aliyetoka kwenye makaa ya mawe, hiyo ni neema.

Kwa nini paa bapa katika nchi yenye theluji?

Sababu zilikuwa za kazi: paa bapa linakubali vipimo vya pamoja, linampa mkazi mahali pa kuanikia nguo na kuota jua, na linaondoa vyumba vya darini ambavyo zamani walilazwa watumishi na wapangaji fukara. Lakini likawa siasa. Mwaka 1928 huko Zehlendorf, Berlin, paa zilipigana barabarani: upande mmoja nyumba za Bruno Taut zenye paa bapa, upande wa pili kampuni nyingine ikajenga nyumba zenye paa la mgongo kwa makusudi ya kujibu. Magazeti yaliita vita vya mapaa.

Mwaka 1927 Stuttgart palifanyika maonyesho ya Weissenhof, chini ya uongozi wa Ludwig Mies van der Rohe, nyumba za paa bapa zikiwa zimejengwa na wasanifu 17. Wapinzani wakatoa kadi ya posta ya kuukejeli mtaa huo: picha ileile, lakini wamebandika ngamia, simba na watu waliovaa kanzu, wakiuita kijiji cha Waarabu. Walidhani wametukana. Mimi kila nikiiona kadi ile nakumbuka Lamu na nyumba zake za mawe, paa la sakafu limebebwa na boriti za mikoko, watu wakipanda juu jioni kupunga upepo. Kilichoitwa aibu huko, kwetu kilikuwa nyumba ya muungwana kwa karne nyingi.

Je, nyumba zote zilikuwa nyeupe?

Hapana. Picha za wakati ule hazikuwa na rangi, ndizo zilizotudanganya. Mtaa wa Falkenberg watu waliuita kisanduku cha rangi za kuchorea. Huko Britz, Berlin, kwenye ule mtaa wa umbo la kwato ya farasi uliochorwa na Taut na Martin Wagner, kuna kuta za buluu kali na nyekundu ya damu ya mzee. Hata Frankfurt rangi zilitumika kutofautisha mitaa.

Hii ndiyo Bauhaus?

Sivyo. Bauhaus ilikuwa shule ya sanaa na ubunifu. Mkuu wake wa kwanza, Walter Gropius, naye alijenga mitaa, ukiwamo wa Törten huko Dessau, na walifahamiana wote. Lakini Frankfurt Mpya ilikuwa kazi ya halmashauri ya jiji.

Nyumba hizi ziliwafikia maskini kweli?

Kwa sehemu ndogo. Jibu hili linaniuma, na lazima lisemwe. Gharama za ujenzi zilikuwa juu, riba ya fedha nyingine iliyokopwa ilikuwa juu, na kodi ya pango ikapanda pamoja nazo. Waliohamia Römerstadt walikuwa zaidi makarani, watumishi wa umma na mafundi wenye ujuzi. Kibarua asiye na ujuzi alibaki kwenye chumba chake cha zamani mjini.

May na wenzake hawakulificha tatizo hilo. Mwaka 1929 waliwaita wasanifu wa kimataifa wa chama cha CIAM mjini Frankfurt, na mada ikawa moja: nyumba ndogo kiasi gani inaweza kubaki ya kibinadamu? Katika mtaa wa Westhausen, ulioanza mwaka huohuo, nyumba zilibanwa hadi mita za mraba 40 na kitu, zikapewa joto na dobi la pamoja kutoka kituo kimoja, na kila familia kipande cha bustani. Safu za nyumba zilisimama zikilipa jua ubavu, zikipata mwanga wa asubuhi upande mmoja na wa jioni upande mwingine.

Mkutano huo ulianza Oktoba 24, 1929. Siku hiyohiyo soko la hisa la New York lilianza kuanguka. Mikopo ya Marekani iliyokuwa ikiishikilia Ujerumani ikaondolewa, na baada ya hapo fedha za kujenga zikakauka.

Ilikuwaje kazi yote ikakatika?

Mwaka 1930 May aliondoka na wenzake wapatao ishirini, Lihotzky akiwamo, kwenda Umoja wa Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda kama Magnitogorsk. Walitarajia kujenga kwa upana zaidi ya Frankfurt. Walikuta uhaba wa kila kitu na amri zilizobadilika, na mwishoni mwa 1933 May akaondoka. Ujerumani haikuwa tena mahali pa kurudi, kwa kuwa Wanazi walikuwa wameshika nchi.

Wengine nao walitawanyika. Taut alikimbilia Japani, kisha Uturuki, akafia Istanbul mwaka 1938. Landmann, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, aling'olewa umeya mwaka 1933, akafia mafichoni Uholanzi mwaka 1945. Lihotzky alirudi Vienna kusaidia upinzani dhidi ya Wanazi, akakamatwa Januari 1941 na kuhukumiwa miaka 15. Vita vilipokaribia kwisha alikuwa bado gerezani, akatoka hai. Alifariki Januari 2000, siku chache kabla ya kutimiza miaka 103.

Ni kweli May aliishi Tanganyika?

Ni kweli. Mwaka 1934 alifika na familia yake na kununua shamba karibu na Arusha, chini ya mlima Meru, akalima kahawa ingawa hakuwa mkulima. Mwaka 1937 alihamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Vita vilipozuka Waingereza walimhesabu kuwa raia wa adui, wakamweka kizuizini Afrika Kusini hadi 1942. Alirudi Ujerumani mwishoni mwa 1953, akaendelea kupanga mitaa mikubwa ya baada ya vita, na akafariki Hamburg mwaka 1970.

Hapa kwetu aliacha kazi kadhaa. Moshi alichora jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Kisumu alichora shule ya wasichana ya Aga Khan, na Mombasa hoteli ya Oceanic iliyopindwa kufuata bahari. Ukilinganisha kazi hizo na za Frankfurt utaona amegeuza somo lake juu chini: kule alilitafuta jua kila dirishani, huku alilikimbia. Majengo yake ya Afrika yana vikinga jua, kumbi zilizo wazi na matundu ya kupitisha upepo kutoka ukuta hadi ukuta.

Alijaribu pia nyumba ya bei nafuu ya vipande vya kiwandani kwa ajili ya Waafrika: mbavu za zege zilizopinda kama upinde, juu yake vikatundikwa vibamba vya zege. Ilibaki nyumba ya majaribio.

Na mpango wake wa Kampala? Alitupangia kwa haki ileile?

La. Kati ya 1945 na 1947 May alipanga upanuzi wa Kampala kuelekea vilima vya Kololo na Naguru. Ukitazama barabara zinavyofuata mteremko na mabonde yalivyoachwa kuwa ya kijani, unauona mkono uleule wa bonde la Nidda. Ukitazama nani alipangiwa wapi, unamwona mtu mwingine. Wazungu, Waasia na Waafrika walitengewa sehemu zao, viwanja vya ukubwa tofauti, na maelezo yake yalimchukulia Mwafrika kama mtu anayepaswa kupandishwa ngazi taratibu kabla hajastahili nyumba kamili.

Wanaomtetea husema aliajiriwa na serikali ya kikoloni na hakuwa na uamuzi. Siridhiki. Frankfurt hakungoja kibarua aelimishwe ndipo ampe dirisha la jua. Alianza na dirisha. Mtu asiyeweza kurudi kwao kwa sababu ya Wanazi alipaswa kulijua hilo kuliko yeyote. Naipenda kazi yake ya Frankfurt, na kwa sababu hiyo sipendi kulificha la Kampala.

Kota zetu zina uhusiano na mitaa hii?

Ukoo mmoja upo, lakini umepitia Uingereza. Kaloleni ya Nairobi, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilipangwa kwa kufuata wazo la mji-bustani: nyumba za chini, uwanja wa katikati, ukumbi wa jamii, njia za miguu. Babu wa wazo hilo ni Howard na Unwin, walewale waliomfundisha May. Tofauti ni kwamba mkazi wa Kaloleni alihesabiwa kuwa mgeni mjini, anayekaa kwa sababu ana kazi, wakati mkazi wa Römerstadt alikuwa mpiga kura wa jiji lililomjengea.

Naweza kwenda kuziona leo?

Ndiyo, na watu bado wanaishi humo, kwa hiyo usichungulie madirishani. Mitaa sita ya Berlin, ikiwamo Falkenberg na Britz, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Frankfurt panda treni ya chini ya ardhi ya U1 ushuke kituo cha Römerstadt. Utakuta barabara kubwa ya magari imeupasua mtaa katikati, kosa la wapangaji miji wa baadaye, ivuke. Nyumba namba 136 katika barabara ya Im Burgfeld imerudishwa ilivyokuwa, jiko na bustani yake ya mboga vyote vimo. Ukimaliza, shuka mpaka mwisho wa barabara, penye ukuta mrefu wenye vibaraza vya duara. Chini yake kuna bustani za wakazi na mbele yake mto Nidda. Nilipokwenda mimi, bibi mmoja alikuwa ameinama kwenye tuta lake aking'oa vitunguu, na redio ikiimba juu ya kigoda.